Ndege Iliyoombewa Kabla ya Kununuliwa

Sogeeni mbele, viti vya mbele havina miiba. Na mwenye simu mapajani aigeuze uso chini, hadithi yenyewe si ndefu.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mashine za kukoboa na kusaga. Alianza na kinu kimoja nyuma ya nyumba, akaishia na maduka ya mashine na vipuri katika miji sita, yote ya mbali, yote yenye barabara za kumaliza mgongo. Mashine ya mteja ikigoma kule, mafundi wake walipanda gari siku mbili, wakafika wamejaa vumbi kama magunia ya pumba, na mteja amekwisha kuhamia kwa mwingine. Mwenyewe alikuwa anaishi barabarani. Mkewe, Mama Lutengano, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba akitaka kumwona mumewe anaangalia picha ya ukutani, maana hiyo angalau inalala nyumbani.

Basi yule bwana akaamua kununua ndege.

Msicheke. Hakutaka ya kujionyesha, alitaka ya kazi, na mwanzoni alifikiri kama mtu mwenye akili zake. Jeti aliikataa, kwa sababu jeti inataka uwanja mrefu wa lami, na maduka yake yako ambako kiwanja ni changarawe na mbuzi hufukuzwa kwanza. Ndege ya injini moja mkewe ndiye aliyeikataa. Kati ya nyumbani na maduka mawili kuna ziwa, na Mama Lutengano alisema hajui kuogelea na hana mpango wa kujifunza katika umri huu. Ikabaki ndege ndogo ya injini mbili za pangaboi, zile zinazokunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa. Hiyo inatua popote penye udongo mgumu, na injini moja ikizima, ya pili inawafikisha. Watu wanane na mizigo yao, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Mpya haikuwa saizi ya mfuko wake. Akatafuta iliyotumika.

Ili asidanganywe, akamwajiri rubani mstaafu, mzee mwembamba wa maneno machache, aliyerusha ndege za namna hiyo miaka thelathini bila kumwaga hata chai ya abiria. Hapo pia alifanya vizuri. Shida ni kwamba kumwajiri mtu anayejua ni rahisi, unalipa tu. Kumsikiliza ndiko kunauma.

Zikapatikana ndege mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya shirika la dini lililokuwa likipeleka madaktari vijijini, na sasa linafunga kazi. Ilikuwa nyeupe iliyochoka, viti vya turubai, ndani inanuka dawa ya vidonda. Mbio haina. Lakini ilikuja na sanduku la bati limejaa madaftari, na humo iliandikwa kila saa iliyoruka na kila skrubu iliyobadilishwa, na jina la fundi na sahihi yake. Rubani alisoma yale madaftari kutwa nzima. Alipotoka akasema ndege hii sasa anaijua kuliko anavyomjua shemeji yake, na shemeji yake amekaa naye miaka tisa.

Ya pili ilikuwa ya muuzaji kutoka mjini, bwana wa suti ya kijivu na maneno laini. Hiyo ndege mngeiona. Rangi ya maziwa na mstari wa dhahabu ubavuni, viti vya ngozi, vimeza vya kukunjua, mpaka tundu la kukalisha kikombe. Na bei ilikuwa chini ya ile iliyochoka. Madaftari ya injini, muuzaji akasema, yako ofisini, yanakuja.

"Yanakuja lini?" rubani akauliza.

"Yanakuja, mzee wangu. Kinachoruka ni ndege, siyo karatasi."

Mfanyabiashara akacheka. Rubani hakucheka. Baadaye akamvuta bosi wake pembeni, akamweleza taratibu kama anayemweleza mtoto wa darasa la pili. Injini hizi zina umri, na umri wake hauonekani kwa macho, unahesabiwa kwa saa za kuruka. Zikitimia saa zake, injini inashushwa, inafunguliwa yote, inaundwa upya, na gharama yake inaweza kumeza nusu ya bei ya ndege. Ambaye hajui saa zilizobaki hajui alichonunua. Pengine itaruka miaka mitano, na pengine itakufikisha katikati ya ziwa. Ndege nafuu, alisema, ni ile ambayo unajua itakutaka nini na itakutaka lini.

Mfanyabiashara aliyasikia hayo yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akapanda tena ngazi kwenda kukaa kwenye kiti cha ngozi.

Hapa sasa ndipo palipo na kosa lenyewe, na ni kosa la watu wa kanisani. Mtu asiyekanyaga kanisani asingeweza kulifanya hata angejitahidi. Mnajua sisi tunavyofanya. Mtu akipata pikipiki inaombewa. Akipata trekta linaombewa. Kuna mama aliwahi kuleta friji hapa, tukaiombea, ikaharibika, tukaiombea tena. Si vibaya. Lakini huyu bwana alisimama wakati wa matangazo akasema Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kwenye kiwanja cha nyasi, kutakuwa na ibada ya kuiombea ndege yake. Na ndege alikuwa hajainunua. Hata kuichagua alikuwa hajaichagua.

Kamati ikaundwa kabla sadaka haijakusanywa. Ng'ombe wawili wakatafutwa. Akina mama wakanunua kitenge cha sare, na fundi cherehani akaambiwa mikono iwe ya puto. Kwaya mbili zikagombana nani aanze. Mchungaji akaandaa neno. Na mfanyabiashara alipokaa jioni akaifikiria ile ndege ya viti vya turubai, akaona sare zote zile na vinanda vyote vile vimezunguka kitu kinachonuka dawa ya vidonda, aibu ikamshika masikio. Tangu hapo hakuchagua tena. Tarehe ilikuwa imemchagulia.

Mama Lutengano alimwambia hivi, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua: "Baba Lutengano, unachagua ndege kama unavyochagua koti la kwendea harusi ya mtu."

Akajibiwa kwamba yeye hana imani.

Alhamisi rubani aliuliza tena habari za madaftari. Bosi wake akamwambia amezeeka, na uoga ni ugonjwa wa wazee. Rubani hakubishana. Alisema kwenye ibada atakuja, wimbo ataimba, nyama atakula kama itakuwa imeiva, lakini ndege ile hairushi. Muuzaji akasema hilo si tatizo, atatafuta rubani wa kukodi.

Sasa niwaambie kitu kuhusu huyu mfanyabiashara, maana mnamwona mjinga na mjinga hakuwa. Alijua. Mtu anayefungua mashine maisha yake yote anajua maana ya injini isiyo na historia. Mwenyewe hamuuzii mteja kinu kilichotumika bila kumwonyesha beringi. Lakini kila alipotaka kusema ngoja kwanza, aliona mikono ya puto. Angewaambia nini watu? Kwamba ametangaza kanisani kitu ambacho hana? Kwa hiyo alinyamaza, akawa anaomba. Na unajua alikuwa anaomba nini? Alikuwa anaomba mvua.

Mvua haikunyesha. Jumamosi ilikucha anga jeupe, bila wingu la kukufichia hata haya.

Ndege ikaja saa tatu na nusu, ikiletwa na yule rubani wa kukodi, ikatua vizuri, watoto wakapiga kelele. Muuzaji alikuwa amekwisha kufika, anapeana mikono na wazee wa kanisa. Utaratibu ulikuwa hivi: neno, maombi, kutia sahihi na kukabidhi hundi palepale kwenye meza yenye kitambaa cheupe, halafu watu wanane wapande kwenda kuvuka ziwa mpaka duka la karibu na kurudi kabla chakula hakijapakuliwa. Mchungaji alikuwa katika hao wanane. Mwenyekiti wa kwaya pia. Na Mama Lutengano, mwenye sare yake na mkoba wake, uso umekunjamana, lakini yupo, kwa sababu alisema mume akifa kwa ujinga asife na wake za watu tu.

Maombi yakawa marefu. Mfanyabiashara alifumbua macho katikati, akatazama injini ya kushoto, ikamtazama. Akafumba tena. Amina ikasemwa. Akaenda mezani, akachukua kalamu, na mkono wake, alisema baadaye, ulikuwa umelowa kama umetoka kwenye beseni.

Hapo akakumbuka adabu za kwao. Si kwamba alikuwa anatega mtego, akili ya kutega asubuhi ile hakuwa nayo. Alikuwa anavuta muda tu, kama mtu anayefunga kamba za kiatu kilichokwisha kufungwa. Kwa watu wa kwao, mtu akikuuzia ng'ombe hakukabidhi kamba akaondoka. Anakusindikiza naye mpaka mto wa kwanza, ng'ombe anywe, ndipo mnaagana. Basi akaweka kalamu chini akamgeukia muuzaji.

"Ndugu yangu, nilikuwa nataka kukosa adabu. Kwetu mwenye ng'ombe anasindikiza. Karibu upande na sisi, ukae kiti cha mbele, tuvuke wote."

Watu wakapiga makofi, na wa safari wakaanza kupanda bila kusubiri sahihi. Mwenyekiti wa kwaya, mtu muungwana, akasema yeye atampisha. Muuzaji akatabasamu akashukuru sana, akasema ni heshima kubwa ila ana basi la saa nane. Mfanyabiashara akamwambia mpaka saa sita watakuwa wamerudi, tena ndege hiyo hiyo ingewarudisha mjini yeye na rubani wake wa kukodi, saa moja na nusu angani, kuliko saa kumi na moja za basi. Muuzaji akasema tiketi amekwisha kulipa. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akasema tumbo halijakaa vizuri. Akaambiwa hewa ya juu itamsaidia. Akasema, kusema kweli, yeye anaogopa kuwa juu.

Hapo wachache wakaacha kucheka. Mtu anauza ndege.

Mchungaji, ambaye alikuwa na moyo mwema na haelewi haraka, akamshika mkono kwa upole kama anavyomshika bibi harusi, akampeleka mpaka kwenye ngazi. Muuzaji akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Mguu wa pili ukakataa. Akajaribu, nasema nimsifu kwa hilo, alijaribu, jasho likaingia kwenye kola ya shati. Ukakataa.

Mama Lutengano alikuwa amekwisha kukaa ndani, kiti cha mlangoni. Akainamisha kichwa akamtazama usoni, umbali wa mkono mmoja.

"Shemeji, huku kwetu ulikuja na nini?"

"Kwa basi."

"Na ndege yako ilikuwa inakuja huku huku, leo leo?"

Kwaya ilikuwa inaimba kidogokidogo nyuma, ikanyamaza. Yule muuzaji alimwangalia huyu mama na mkoba wake magotini, akawaangalia wengine waliofunga mikanda, kisha akaketi pale pale kwenye ngazi na suti yake.

"Mama, shuka," akasema. "Shukeni wote. Injini ya kushoto imepita saa zake zamani. Madaftari hayapo. Hata mimi niliuziwa hivi hivi, nikaogopa kuipanda, nikasema nimpe mwingine."

Rubani wa kukodi, aliyekuwa amekaa mbele na miwani yake myeusi, hakuwa amejua. Alishuka wa kwanza, kabla ya akina mama, na hakuna aliyemlaumu.

Na mfanyabiashara? Mnadhani alikasirika? Alikaa kwenye nyasi na koti lake jipya, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anasema asante, asante, na hakuna aliyejua anamshukuru nani, Mungu au mwizi. Kalamu ilikuwa mezani, hundi haijaandikwa jina. Wale waliopanda walikuwa chini, kwenye udongo, wakipapasana mikono kama watu waliopoteana sokoni. Mama Lutengano alikaa naye kwenye nyasi. Hakumwambia, "Nilikuambia." Alimtoa jani kwenye nywele, na kwa mama yule kutolisema ilikuwa zawadi kubwa.

Kisha mfanyabiashara akainuka, akamfuata rubani wake mstaafu, aliyekuwa amesimama karibu na masufuria. Akamwomba radhi mbele za watu kwa lile neno la Alhamisi. Rubani akasema yamekwisha, nyama inakaribia.

Kwa hiyo walikula. Ng'ombe hajui kwamba ndege haikununuliwa. Muuzaji alitaka kuondoka kichwa chini, wakamrudisha, akapewa sahani, akala. Aliyekuwa karibu naye anasema bwana yule alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia alilobeba kutoka wilaya nyingine, akasema hajalala vizuri tangu ainunue ile ndege. Saa nane walipanda basi wawili, yeye na rubani wa kukodi. Ndege ilibaki kwenye nyasi mpaka mafundi wa ndege walipokuja kushusha injini. Jumatatu mfanyabiashara na rubani wake wakaenda kwa lile shirika kununua ndege iliyochoka. Hakukuwa na kwaya. Inaruka mpaka leo, polepole, na Mama Lutengano analalamika kwamba sasa mumewe yupo nyumbani kila jioni na anauliza kila kitu jikoni.

Haya. Naziona nyuso zenu, mmepumua. Kila mmoja hapa alikuwa ameketi mahali pa mfanyabiashara, anasema moyoni, Bwana, uniepushe na matapeli, unipe jicho lisilodanganywa na kinachong'aa. Si ndivyo? Mmekaa kiti ambacho si chenu. Shukeni.

Sisi hatuko pale mezani na kalamu. Sisi ndio wenye suti ya kijivu.

Nani alimwambia binti wa mwenzake arudi kwa mume anayempiga, avumilie, Mungu anaona, na wa kwake alipopigwa akamfuata siku ile ile na gari la kukodi? Nani anawaambia wagonjwa maombi yanatosha, wakati mshono wa upasuaji wake mwenyewe uko hapo tumboni chini ya sare? Nani alisimama hapa akafundisha kusamehe, na ndugu yake wa tumbo moja hajavuka kizingiti chake huu mwaka wa saba? Tunawafungulia watu mlango, tunawaonyesha viti vya ngozi, tunawafunga mikanda kwa mikono yetu, halafu tunatazama saa na kusema tuna basi la saa nane. Watu wetu wanapanda kwa sababu wanatuamini. Hawajauliza sisi tulikuja na nini.

Sasa sikilizeni lililo jema, maana sikuja kuwavunja. Yule bwana wa suti hakuwa mtakatifu. Hakutubu kwa machozi, hakuandika barua. Alisema neno moja, shukeni, akalisema kwa kuchelewa, kwa aibu, baada ya kudanganya siku nyingi, na neno lile lilitosha. Watu wanane wako hai. Alilisema mlango ukiwa bado wazi, basi. Na aibu aliyoiogopa hivyo ilidumu mpaka sahani ya nyama ilipofika.

Mlango wenu uko wazi pia. Kila mmoja hapa anamjua aliyempandisha. Ni binti, ni jirani, ni yule kijana uliyemshauri jambo ambalo usingemshauri mwanao. Huhitaji hotuba. Mwambie: "Hili nililokuambia, mimi mwenyewe sikulifanya, shuka kwanza tuzungumze."

Tutasimama tuseme sala fupi, halafu mtoke. Chai iko nje. Lakini mwenye mtu wa kumshusha asianzie kwenye chai.